"Tuko namba ngapi Google?"

Watu ninaowatunzia tovuti huniuliza hivyo karibu kila tunapozungumza, na jibu langu huwaudhi. Kwa swali lipi? Ameuliza nani, kwa lugha gani, akiwa kwenye simu au kompyuta? Mmoja aliwahi kunijia juu: "Fundi, mimi nakuuliza namba, wewe unanirudishia maswali!" Hasira yake naielewa. Ila namba anayoitaka haipo. Hakuna daftari popote ambamo tovuti zote za dunia zimepangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mkia. Kinachopangwa ni kurasa, ukurasa mmoja mmoja, na hupangwa upya kila mtu anapoandika anachokitafuta. Google wenyewe wamesema mara kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya maswali wanayopokea kwa siku hayajawahi kuulizwa kabla. Kwa maswali hayo hata orodha ya jana haipo.

Kwanza kabisa ukurasa sharti ujulikane kwamba upo. Hapa ndipo wengi hukwama, na kwa kuwa hapana maajabu, ndipo pasipotazamwa. Google, Bing na wenzao wana programu zinazozunguka intaneti zikifuata linki kutoka ukurasa hadi ukurasa. Sisi huziita roboti. Nikifungua kumbukumbu za seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, naiona Googlebot, roboti ya Google, ikipita usiku na mchana. Ikifika kwenye tovuti, huulizia faili dogo la maandishi liitwalo robots.txt, utaratibu ulioanzishwa na Martijn Koster mwaka 1994. Humo mwenye tovuti hutaja sehemu asizotaka zipitiwe. Mstari mmoja tu, "Disallow: /", hufunga mlango wa tovuti nzima.

Nilishakabidhiwa tovuti iliyofungwa hivyo. Mwenyewe alikuwa akiilipa kampuni fulani kila mwezi "impandishe namba", na kila mwezi alitumiwa ripoti yenye grafu za rangi. Aliyeijenga tovuti alizifungia roboti wakati wa majaribio, kisha hakuna aliyekumbuka kufungua. Zile grafu zilikuwa zinapima nini, mpaka leo sijui.

Roboti ikishasoma, maneno ya ukurasa huingizwa kwenye faharasa. Faharasa hii huanzia kwenye neno: hili hapa neno, na hizi ndizo kurasa zilizo nalo. Ndiyo maana jibu linarudi kabla hujapepesa jicho. Unapouliza, hakuna anayekimbia kwenda kuisoma intaneti kwa niaba yako. Kinachofunguliwa ni faharasa iliyoandaliwa tangu zamani. Na si kila ukurasa uliosomwa huingizwa. Kurasa zinazofanana hukunjwa pamoja, moja ikachaguliwa kuziwakilisha nyingine, na hata ile iliyochaguliwa inaweza isiwe uliyotaka wewe.

Sasa tuje kwenye maneno. Nina tovuti yangu ndogo ya ufundi wa baiskeli, ambayo haina faida yoyote zaidi ya kunifurahisha na kunifundisha. Chukua mtu anayeandika "cheni ya baiskeli inaruka". Neno "ya" limo katika kila ukurasa wa Kiswahili, kwa hiyo halisaidii kuchagua. "Baiskeli" linasaidia kidogo. "Cheni" ni adimu zaidi, na likikutana na "inaruka" tunaanza kuelewana. Kwamba neno adimu libebe uzito kuliko neno la kila mahali ni wazo aliloliandikia makala Karen Spärck Jones wa Cambridge mwaka 1972, miaka mingi kabla ya kuwapo tovuti. Stephen Robertson na wenzake wa City University, London, walilipeleka mbele katika miaka ya 1990 kwa kanuni iitwayo BM25, ambayo hadi leo imo ndani ya mitambo mingi ya kutafutia. BM25 iliongeza busara mbili. Neno likirudiwa mara ya ishirini haliongezi karibu chochote juu ya lilivyorudiwa mara ya tano, na ukurasa mrefu usishinde kwa urefu wake tu. Kwa hiyo wale wanaojaza "baiskeli nzuri baiskeli bora baiskeli nafuu" chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, walishapatiwa dawa yao kabla baadhi yao hawajazaliwa. Na ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa kichwani mwa ukurasa, Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Bado naona watu wakitozwa fedha kuandikiwa orodha hiyo.

Kiswahili kiliwapa mitambo hii kazi ya ziada. Kitenzi chetu hubadilikia mwanzoni: inaruka, zinaruka, iliyoruka, isiruke. Mtambo unaolinganisha herufi tu unaona maneno manne yasiyohusiana. Tena mwingine ataandika "mnyororo" badala ya "cheni". Hali ilianza kubadilika Google walipoingiza mifumo inayojifunza maana kutokana na matini nyingi, RankBrain mwaka 2015 na BERT mwaka 2019, inayotazama neno pamoja na majirani zake. Zamani nililazimika kupachika cheni na mnyororo kwa zamu katika kila aya, na maandishi yangu yalisomeka kama ya mlevi. Siku hizi naandika lile linalokuja.

Maneno yana udhaifu mmoja mkubwa: anayeyaandika ni mwenye ukurasa, na mwenye ukurasa hajinyimi sifa. AltaVista, mtambo wa kutafutia uliofunguliwa Desemba 1995, iliweza kukuletea maelfu ya kurasa zenye maneno yako ikabaki kubabaika kukuambia upi unafaa kusomwa. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, waliutafuta ushahidi kwa watu wengine. Nani ameuwekea linki ukurasa huu, na yeye mwenyewe ameelekezewa na nani? Hawakuwa peke yao. Eugene Garfield alikuwa amependekeza tangu 1955 kuorodhesha makala za sayansi kwa kutazama nani amemnukuu nani. Jon Kleinberg alibuni hesabu ya linki ya namna yake katika miaka ile ile ya mwisho ya 1990, na Robin Li, aliyekuja kuanzisha Baidu, mtambo wa kutafutia wa China, alikuwa na mfumo wake wa RankDex mwaka 1996. Iliyokuja kutawala ni hesabu ya Page na Brin, PageRank.

Hesabu yenyewe inapendeza, nami sioni kwa nini watu huificha nyuma ya maneno makubwa. Fikiria msomaji asiye na haja maalumu. Yuko kwenye ukurasa, anabofya linki yoyote, anafika kwingine, anabofya tena. Mara nyingi, asilimia 85 kwa kipimo kilichozoeleka, anafuata linki. Zinazobaki anachoka na kurukia ukurasa wowote duniani. Mwache abofye milele, kisha uliza: amekaa kwenye kila ukurasa kwa sehemu gani ya muda wake? Sehemu hiyo ndiyo PageRank ya ukurasa huo.

Weka kurasa tatu. A ina linki kwenda B na C. B ina linki kwenda C. C ina linki kwenda A. Tusahau kidogo ule uchovu wa asilimia 15. Ukipiga hesabu, A inapata 0.4, B 0.2 na C 0.4. Sasa tazama: A na B kila moja imeelekezewa linki moja tu, lakini A ina mara mbili ya B. Sababu ni kwamba A ameelekezewa na C mwenye nguvu, na C hana mwingine wa kugawana naye. B ameelekezewa na A, ambaye nusu ya nguvu yake ameipeleka kwa C. Hapo utaona upuuzi wa kuuziwa "linki elfu moja". Linki elfu kutoka kurasa zisizotembelewa na yeyote, kila moja ikiwa na linki nyingine elfu kando yake, ni vumbi.

Utauliza: alama ya A inategemea ya C, na ya C inategemea ya A, tunaanzia wapi? Unazipa zote alama sawa, unapiga hesabu, matokeo unayaingiza tena kwenye hesabu, unarudia mpaka namba zinaacha kusogea. Makala ambayo Page na Brin waliitoa mwaka 1998 ilieleza mfumo wa majaribio wenye kurasa milioni 24. Ndani ya makala hiyo hiyo waliandika pia kwamba mtambo wa kutafutia unaolipwa na matangazo utakuwa na upendeleo kwa watangazaji, ukiacha mahitaji ya wanaotafuta. Mwaka 2000 Google ilianza kuuza matangazo kando ya matokeo. Hilo nawaachia wao na dhamiri zao.

Linki ilipokuwa na thamani, soko likafunguliwa. Google yenyewe ilisaidia bila kutaka: tangu 2000 ilikuwa na upau wa kivinjari ulioonyesha PageRank ya kila ukurasa kwa alama 0 hadi 10, na wauza linki wakapata orodha ya bei iliyoandikwa tayari. Upau huo ulikuja kuacha kuonyesha alama hadharani mwaka 2016. Wengine walicheza kwa kejeli. Kuanzia 2003 watu waliungana kuweka linki zenye maneno ya dhihaka, zote zikielekea kwenye wasifu wa Rais George W. Bush katika tovuti ya White House, mpaka ukurasa huo ukawa wa kwanza kwa maneno ambayo wenyewe haukuwa nayo. Inawezekana kwa sababu maneno yaliyoandikwa juu ya linki huhesabiwa kama maelezo ya kule inakoelekea. Google walirekebisha Januari 2007.

Wakubwa nao walinaswa. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye matokeo ya Google kwa muda, kwa kuwaonyesha roboti kurasa tofauti na walizoziona watu. Februari 2011 gazeti la New York Times lilieleza jinsi duka la JC Penney la Marekani lilivyokuwa juu kwa maneno mengi ya biashara, likibebwa na linki kutoka tovuti zisizohusiana nalo kabisa, na Google walilishusha. Aprili 2012 ikaja Penguin, mabadiliko yaliyolenga linki za kununuliwa. Hapo nilishuhudia kituko ambacho sikukitarajia. Watu walioniandikia awali wakibembeleza niwawekee linki kwenye tovuti ya baiskeli walianza kuandika wakibembeleza niwaondolee. Mmoja alinitishia mwanasheria kwa linki ambayo sikuwahi kumwekea.

Watu huniambia linki zimekufa. Hazijafa, ila hazisimami peke yake tena, na nyingi zinapuuzwa kimyakimya, jambo linalouma kuliko adhabu maana aliyezinunua haambiwi.

Kisha kuna mibofyo. Kwa miaka mingi sisi mafundi tulibishana kama Google inatazama watu wanabofya nini kwenye matokeo, na wasemaji wake walikuwa wakilipunguza uzito jambo hilo hadharani. Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, iliyofunguliwa Oktoba 2020, ndiyo iliyofungua pazia. Mwaka 2023 Pandu Nayak, mmoja wa viongozi wa utafutaji pale Google, alieleza chini ya kiapo kuhusu mfumo uitwao Navboost, unaotumia mibofyo ya watumiaji iliyokusanywa kwa miezi 13. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, na wingi wa takwimu za watumiaji ulikuwa sehemu ya hoja: anayeulizwa zaidi anaona mibofyo zaidi, anajibu vizuri zaidi, anaulizwa zaidi. Mgeni anayetaka kushindana naye ataipata wapi mibofyo hiyo?

Kwa mwenye tovuti hili linaeleza mambo niliyokuwa nayaona bila kuyaelewa. Nina ukurasa wa kunyoosha rimu iliyopinda, mfupi, picha zenyewe hazikupigwa vizuri, linki hauna za kutaja. Umekaa juu ya kurasa ndefu za tovuti kubwa kwa muda mrefu sasa. Dhana yangu ni kwamba aliyeufungua haendi kutafuta tena. Ana spoki mkononi, anageuza nati yake ndogo robo mzunguko, basi.

Kasi, usalama na simu nitavipitia mbiombio kwa sababu vinauzwa kupita thamani yake. Google walitangaza HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa kati ya kivinjari na tovuti, kuwa kigezo mwaka 2014, kurasa kusomeka vizuri kwenye simu mwaka 2015, na mwaka 2021 wakaongeza vipimo vya hali ya ukurasa, kimojawapo kikitaka sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Vitimize, kwa ajili ya wasomaji wako. Lakini kurasa mbili zikiwa hazilingani kwa ubora wa jibu, kasi haitaiokoa ile dhaifu. Nimeona watu wakibanabana picha wiki nzima katika ukurasa usiojibu swali la mtu yeyote.

Kitu kingine kinachopotoshwa ni wale wakaguzi wa ubora wa matokeo ya Google. Wapo kweli, takriban 16,000, na mwongozo wao uko wazi kwa yeyote kuusoma. Hutazama matokeo na kuyapa alama kwa vigezo kama uzoefu wa mwandishi, ujuzi wake na kuaminika kwake. Ila mkaguzi akiupa ukurasa wako alama mbaya, ukurasa haushuki. Alama zao hutumika kupima kama badiliko fulani la mfumo limeboresha matokeo au limeyaharibu. Hivyo anayekuambia atakupandishia "alama ya kuaminika" anauza kitu kisicho na mita.

Mwaka 2024 uliyatibua yote haya. Machi Google walitangaza sheria mpya dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kukamata nafasi tu, na dhidi ya wanaonunua majina ya tovuti zilizokufa ili warithi heshima yake. Mei wakaanza kuweka juu ya matokeo, huko Marekani kwanza, jibu linaloandikwa na akili bandia, likiwa na linki pembeni. Kwa ukurasa ulio chini ya jibu hilo, kuwa wa kwanza kumebadilika maana. Unaweza kubaki pale pale na wageni wakapungua, kwa kuwa mtu ameshajibiwa kabla ya kukufikia. Kurasa zangu za maswali mafupi, kama upepo wa tairi uwe kiasi gani, zimepungukiwa na wageni waziwazi. Ule wa rimu haujatikisika, maana kunyoosha rimu hakuelezeki kwa sentensi tatu.

Nirudi kwenye namba, kwa kuwa wateja wana mahali wanapoitoa. Google huwapa wenye tovuti chombo cha bure, Search Console, na ndani yake kuna "wastani wa nafasi". Mteja anafungua, anaona jana ilikuwa 8 na leo ni 14, ananipigia kabla sijanywa chai. Ninamwonyesha kilichotokea. Ameandika kurasa mpya, nzuri, na zimeanza kuonekana kwa maswali ambayo zamani hakuwamo kabisa. Kwa maswali hayo yuko nafasi ya 40 au 50. Zamani hayo hayakuhesabiwa, kwa sababu asiyeonekana hana nafasi. Sasa yanahesabiwa, yanavuta wastani chini, ilhali maswali yake ya zamani yapo pale pale na wageni wameongezeka. Kinyume chake pia hutokea: tovuti inapoteza maswali yake ya pembeni, inabaki na jina lake tu ambalo lazima iwe ya kwanza, na wastani unang'aa.

Kwa hiyo safu hiyo nimeiondoa kwenye ripoti ninazotuma. Upande mmoja naandika maswali ambayo wateja wake huuliza kwa maneno yao wenyewe, nikiyachukua kwa wanaopokea simu zake. Upande wa pili naandika ukurasa unaojibu kila moja. Mara nyingi upande huo una nafasi nyingi tupu, na tunaanzia kazi hapo.